Kadhi wa Maore na Kitabu cha Napoleon

Tarehe 3 Juni, 2010, Serikali ya Ufaransa ilitoa amri iliyowaondolea makadhi wa kisiwa cha Mayotte, ambacho wenyewe hukiita Maore, mamlaka ya kuhukumu. Mwaka ule ule, mwezi wa Agosti, Kenya ilipitisha Katiba mpya iliyoziacha mahakama za kadhi mahali pake. Si nia yetu kupima ni nani kati ya hao wawili aliyewatendea Waislamu wake haki zaidi. Tunalotaka kulitazama ni asili ya sheria yenyewe ya Kifaransa, ambayo kwayo kadhi ni mgeni asiye na kiti.

Mwingereza alipotawala pwani yetu alikuja na sheria iliyokua kwa hukumu za mahakimu, kesi baada ya kesi, wala haikumsumbua kuikalisha jirani na sheria nyingine. Mfaransa si hivyo. Tangu Napoleon alipotangaza Kitabu cha Sheria za Raia mwaka 1804, chemchemi ya haki ni maandishi ya mtunga sheria. Ibara ya 4 ya kitabu hicho yamkataza hakimu kukataa kuhukumu kwa kisingizio kwamba sheria imenyamaza au haiko wazi. Ibara ya 5 yamkataza kuigeuza hukumu yake kuwa kanuni ya kuwafunga watu wote. Hakimu ni mtumishi wa kitabu. Nacho kilikusudiwa kuzifuta mila mbali mbali za majimbo, ili Wafaransa wa kaskazini na wa kusini waoane na warithiane kwa kanuni moja.

Kadhi wa Maore naye alikuwa na kitabu: Minhaj ya Imam Nawawi, ambayo masheikh wa Unguja na Lamu waijua vyema. Ufaransa, iliyokitwaa kisiwa mwaka 1841, iliivumilia hali hiyo kwa muda mrefu. Hata Katiba yake ya 1958, katika ibara ya 75, yatamka kwamba raia mwenye hadhi yake maalumu ya kisheria atabaki nayo maadamu hajaikana mwenyewe.

Ni Wamaore wenyewe waliotaka kuingia ndani zaidi. Katika kura ya tarehe 29 Machi, 2009, zaidi ya asilimia 95 ya waliopiga kura walikubali kisiwa kiwe mkoa kamili, na tarehe 31 Machi, 2011, kikawa mkoa wa 101 wa Ufaransa. Masharti yalikwisha kuonekana mapema. Sheria ya 2003 iliwafungia mlango wa kuoa mke wa pili wote watakaofikia umri wa kuoa kuanzia 1 Januari, 2005, na ikawanyima uwezo wa kuvunja ndoa kwa tamko la mume peke yake. Baadaye umri wa msichana kuolewa ukapandishwa kutoka miaka 15 hadi 18. Hapana shaka wako wanawake wengi walioyapokea hayo kwa shukrani.

Lakini huko Maore, kama Ngazija, nyumba kwa desturi ni ya mwanamke, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Haki hiyo haikutoka kwa Napoleon, wala haikutoka kwa Nawawi. Ilikaa katika ushahidi wa wazee na majirani. Sheria inayoanza kwa kuuliza hati yaweza kumpa mwanamke usawa kwa mkono mmoja na kumtia mashakani juu ya paa lake kwa mkono wa pili.

Kuna na jambo jingine, ambalo maofisa wetu wenye kutayarisha miswada ya mahakama wangefaa kulisoma kwa makini. Amri ya 2010 haikuifuta hadhi ya Kiislamu. Ibara ya 75 ingalipo, na Mmaore ambaye hakuikana hadhi yake angali nayo. Kilichoondolewa ni kiti cha aliyeisomea. Shauri la mtu huyo sasa huamuliwa na hakimu wa kawaida, na mahakimu wa Ufaransa hufunzwa kazi yao katika chuo cha Bordeaux. Kadhi amebakishwa kuwa mpatanishi, akilipwa na mkoa. Anaweza kusikiliza na kunasihi, lakini mwenye kutaka hukumu hana budi kwenda Mamoudzou, mbele ya hakimu.