Redio za Magari na Fyuzi

Magari yaliyotumika Japani yameenea Kyela, toka Kasumulu hadi Matema, kama yalivyoenea Unguja na Pemba. Redio zake nyingi hukomea megahezi 90, na zile za karibuni 95, ilhali matangazo ya nchini mwetu hufika 108. Mwananchi hununua gari lenye redio nusu bubu.

Basi kijana akinunua redio nyingine na kuifunga mwenyewe, wapo wanaomcheka. Sisi hatuoni kosa. Kujitegemea ni pamoja na kuijua bisibisi. Tena katika mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako pepo hugeuka ghafla, taarifa ya hali ya hewa si anasa kwa dereva apelekaye abiria bandarini.

Tunalolikemea ni pupa. Waya wa manjano una umeme wa betri wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Mwekundu huamshwa na ufunguo. Mweusi hushikizwa kwenye chuma cha bodi. Wangapi hufungua kwanza waya wa hasi wa betri? Na fyuzi ikiungua, wengine huweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara! Fyuzi huungua ili gari lisiungue. Viungo vilivyosokotwa kwa vidole navyo havistahimili mvua za Kyela.

Ndugu viongozi wa VETA, na wenzenu wa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali huko Zanzibar, wapelekeeni vijana wa gereji mafunzo mafupi ya jioni, kabla ya masika.