Kanda ya dhahabu haikosi fedha, inakosa daftari

Msimu wa 2024/25 wa Ligi ya Championship ulipofika ukingoni, Stand United ya Shinyanga na Geita Gold zilijikuta zinagombea tundu moja. Zilikutana kwenye mchujo wa kuwania kupanda Ligi Kuu, Stand ikapita, kisha ikakwama mbele ya Fountain Gate. Mwisho wa siku zote mbili zikabaki kule kule chini, na mashabiki wao wakarudi kwenye redio kusikiliza mechi za wengine.

Kwa mtu wa mbali hiyo ni habari ya kawaida. Mpira una kupanda na kushuka. Lakini kwa shabiki wa Kambarage na wa Nyankumbu kuna swali ambalo halijajibiwa kwa zaidi ya miaka 10. Mkoa wa Shinyanga una almasi ya Mwadui na dhahabu ya Bulyanhulu. Jirani yake, Geita, ana mgodi wa dhahabu unaojulikana dunia nzima. Vijana wenye vipaji wapo, mashabiki wapo, na fedha za udhamini zimeshapita mara kadhaa mikononi mwa timu za huku. Sasa kwa nini hakuna hata moja iliyokaa Ligi Kuu ikatulia?

Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari. Hilo ndilo tatizo la soka la kanda hii, na ndilo tatizo la soka la nchi nzima. Mkwanja unaingia kabla hajajulikana nani mwenye timu, nani anasaini, na nani anakagua.

Mfano wa kwanza ni Chama la Wana. Stand United ilizaliwa stendi ya mabasi ya Shinyanga, kwa nguvu za wapiga debe, mawakala na madereva. Ikapanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na kushangaza wengi. Mwaka 2015 kampuni ya madini ya Acacia, iliyokuwa ikimiliki migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ikaingia mkataba wa udhamini wa miaka miwili, ulioripotiwa kuwa na thamani ya Sh2.4 bilioni. Kwa timu ya stendi, hiyo ilikuwa ndoto. Akaletwa kocha Mfaransa, Patrick Liewig, aliyewahi kuifundisha Simba.

Kilichofuata kila mwana Shinyanga anakijua. Ukaibuka mgogoro wa nani mwenye timu: wanachama waliounda klabu, au kampuni iliyosajiliwa kwa jina la Stand United. Kila upande ulikuwa na karatasi zake na viongozi wake. Mwaka 2016 Acacia ikafunga mkoba na kuondoka kabla mambo hayajatengemaa, na Liewig naye akaondoka. Wachezaji ndio waliobaki uwanjani. Septemba mwaka huo huo waliifunga Yanga 1-0 pale Kambarage kwa bao la Pastory Athanas, ushahidi kwamba timu ilikuwepo na vipaji vilikuwepo. Lakini timu haiwezi kuishi kwa kuifunga Yanga mara moja. Msimu wa 2018/19 Stand ikashuka daraja.

Mdhamini hakukimbia kwa sababu timu inafungwa. Alikimbia kwa sababu hakujua fedha anampa nani. Hakuna kampuni makini itakayoendelea kuandika hundi wakati watu wawili wanajiita mwenyekiti.

Mfano wa pili ni Mwadui FC, ya pale Kishapu. Hii ilizaliwa kwenye mgodi wa almasi wa Williamson na kuishi kwenye kivuli chake. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2015/16 chini ya Jamhuri Kihwelo 'Julio', na kwa muda mkoa mmoja ukawa na timu mbili Ligi Kuu. Aprili 2020 mgodi ukasimamisha uzalishaji baada ya soko la almasi kuyumba kipindi cha corona. Msimu wa 2020/21 Mwadui ikashuka. Timu hushuka kwa sababu nyingi, na isingekuwa haki kuubebesha mgodi kila bao lililofungwa. Ila somo liko wazi: klabu isiyo na mguu wake yenyewe wa kusimamia, siku mwenye nyumba akikohoa, yenyewe inalazwa.

Mfano wa tatu unauma zaidi. Mwaka 2016 Geita Gold ilikuwa inawania kupanda kutoka Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza. Siku ya mwisho ikaichapa JKT Kanembwa mabao 8-0, huku washindani wake, Polisi Tabora, wakiifunga JKT Oljoro 7-0. Mabao 15 katika mechi mbili za kuamua nani anapanda! Kamati ya Nidhamu ya TFF ikazitia hatiani timu zote nne kwa upangaji matokeo na kuzishusha madaraja. Mbao FC ya Mwanza, ambayo hata haikuwa kinara wa kundi, ndiyo ikapanda. Mwaka mmoja baadaye Mbao ikacheza fainali ya Kombe la FA dhidi ya Simba.

Geita ilijirudi. Ikiwa chini ya Halmashauri ya Mji wa Geita na kwa udhamini wa mgodi wa GGML, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2021/22, ikamaliza nafasi ya nne, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Ilitolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan, lakini jina la Geita lilikuwa limesomwa kwenye ratiba ya CAF. Miaka miwili baadaye, mwisho wa msimu wa 2023/24, ikashuka.

Kutoka nafasi ya nne hadi kushuka ndani ya misimu miwili sio bahati mbaya. Mchezaji nyota akiondoka, klabu yenye mipango huwa imeshajua nani anakuja. Klabu inayoendeshwa kwa maamuzi ya vikao vya dharura husubiri dirisha lifunguliwe ndipo ianze kupiga simu.

Ni rahisi kuwatupia lawama viongozi wa timu tatu na kuishia hapo. Lakini samaki huanza kuoza kichwani. Kanuni za leseni za klabu zipo, na zinataka klabu ijulikane kisheria, iwe na ofisi, watendaji na hesabu. Tatizo ni kwamba mara nyingi karatasi zinapokewa, muhuri unagongwa, ligi inaanza. Mchezaji akidai mishahara ya miezi minne, anaambiwa avumilie. Kocha wa kigeni hana muda wa kuvumilia, anakwenda FIFA, na klabu inafungiwa kusajili. Yaani nidhamu ya fedha inaletwa kutoka Zurich wakati chombo cha kuisimamia kiko hapa hapa nchini.

TFF yenyewe ina historia yake. Juni 2017 Takukuru iliwakamata na kuwafikisha mahakamani aliyekuwa rais wa shirikisho, Jamal Malinzi, na katibu mkuu wake. Agosti mwaka huo Wallace Karia akachaguliwa pale Dodoma. Ni haki kusema kwamba tangu hapo kuna mengi yamesogea. Ligi imepata mdhamini mkuu, na mwaka 2021 ulisainiwa mkataba wa haki za televisheni na Azam Media wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10. Simba na Yanga zimekuwa zikifika mbali Afrika.

Lakini katika chaguzi za 2021 na 2025, zote zilizofanyika Tanga, nafasi ya rais ilibaki na jina moja tu. Wengine waliotaka waliishia njiani, baadhi kwa kukosa wadhamini kutoka kwa wajumbe wa mkutano mkuu. Kanuni hazikuvunjwa. Ishu ni kanuni zenyewe. Mjumbe aliyeshamdhamini mmoja hawezi kumdhamini mwingine, na anayetawala ana nafasi kubwa ya kuwafikia wajumbe kabla ya wote. Matokeo yake, wapiga kura hawapati kusikia hoja mbili zikishindana, na rais anayechaguliwa hana deni la kujibu maswali ya mtu. Rais asiyeulizwa maswali hawezi kuwa mkali kuiuliza maswali klabu ya Shinyanga.

Wapo watakaosema huu ni ugonjwa wa nchi masikini. Sio kweli. Scotland, moja ya nchi zilizoanza mpira duniani, ilipitia hayo hayo. Mwaka 2010 aliyekuwa Waziri Kiongozi wao, Henry McLeish, alitoa ripoti iliyotaka chama chao cha soka kifumuliwe na kuendeshwa kisasa. Miaka miwili baadaye Rangers, klabu yenye mataji ya ligi zaidi ya 50, ikafilisika kwa madeni, yakiwemo ya kodi. Kampuni mpya ikaomba kuendelea Ligi Kuu kana kwamba hakuna kilichotokea. Mashabiki wa timu nyingine wakawaambia viongozi wao waziwazi: mkikubali, hatununui tiketi za msimu. Klabu zikapiga kura ya hapana, na Rangers ikaanzia daraja la nne. Ilirudi Ligi Kuu mwaka 2016. Mwaka 2013 vyombo viwili vilivyokuwa vinagawana usimamizi wa ligi vikaunganishwa kuwa kimoja.

Hearts ya Edinburgh nayo ilikuwa chini ya wasimamizi wa ufilisi mwaka 2013. Mashabiki wakajiunga kwenye taasisi yao, wakawa wanachanga kila mwezi, na mwaka 2021 wakawa wamiliki wakuu wa klabu. Hawakuwa matajiri. Walikuwa wengi, na kila shilingi yao iliandikwa. Stand ilianza na moyo huo huo pale stendi, ila moyo ule haukuwekewa kitabu.

Kwa hiyo mageuzi yaanzie wapi?

Kwanza, leseni ya klabu iwe na meno. Kabla ya msimu kuanza, kila timu ya Ligi Kuu na Championship ioneshe hati moja ya umiliki inayotambuliwa na pande zote. Palipo na mgogoro wa wanachama na kampuni, usuluhishwe kabla ya ratiba kutoka. Serikali ilishatoa utaratibu wa wanachama kubaki na asilimia 51 na wawekezaji asilimia 49. Mjadala wake umekuwa wa Simba na Yanga tu, wakati klabu za mikoani ndizo zinazouhitaji zaidi.

Pili, fedha za mdhamini ziingie akaunti moja yenye watia saini wanaojulikana, na mishahara itoke kwanza. Tangu sheria ya madini irekebishwe mwaka 2017, migodi inatakiwa kukubaliana na halmashauri kuhusu mipango ya kusaidia jamii. Fedha ya aina hiyo ikienda kwenye timu, ni fedha ya wananchi wa Geita au Msalala. Mama anayeuza mihogo sokoni ana haki ya kujua ilinunua nini.

Tatu, hesabu zisomwe mbele ya wanachama kila mwaka. Zipo klabu zitakazolalamika kwamba mkaguzi ni gharama. Basi TFF na Bodi ya Ligi ziandae fomu rahisi ya mapato na matumizi, na timu isiyoijaza isipewe mgawo wa fedha za ligi. Timu za halmashauri hazina hata kisingizio hicho, kwa sababu halmashauri zote hukaguliwa na CAG.

Nne, upangaji matokeo uchunguzwe na watu wasiotegemea kura za wanaowachunguza. Kushusha timu nne kwa mpigo kunaadhibu mji mzima, akiwemo shabiki aliyelipa kiingilio chake kihalali. Adhabu iwafuate kwanza waliotoa na waliopokea.

Tano, kanuni ya kumdhamini mgombea urais wa TFF ilegezwe. Uchaguzi wa watu watatu hauwezi kuua mpira. Ukimya ndio unaoua.

Yote haya hayatafanyika kwa huruma ya viongozi. Mashabiki wa Scotland walitumia tiketi zao. Shabiki wa Shinyanga na Geita ana kadi yake ya uanachama, kiingilio chake, na diwani wake anayeomba kura kila baada ya miaka mitano. Aulize maswali kwenye mkutano wa klabu kabla ya kuuliza usajili. Mdhamini mwingine atakuja tu, maana dhahabu bado inachimbwa. Akifika, akute kitabu kiko mezani na jina la mwenye timu limeandikwa mara moja tu.