Nyimbo Zetu na Matoleo Mapya ya Programu za Kurekodi

Hapana ubishi kwamba studio ndogo za kurekodi muziki zimeenea sasa katika miji yetu yote, mikubwa kwa midogo. Chumba kimoja kilichozibwa kwa magodoro ukutani, kompyuta moja, maikrofoni moja na kijana mmoja mwenye masikio mazuri: hivyo ndivyo unavyotengenezwa muziki mwingi tunaousikia redioni, katika magari ya abiria na kwenye harusi. Hili ni jambo la kujivunia. Lakini ndani yake limo tatizo ambalo halisemwi hadharani. Kila baada ya muda mfupi programu inayotumika kurekodi hutolewa upya, na kila itolewapo upya, sehemu ya kazi iliyokwisha kufanywa huwa hatarini kutofunguka tena.

Wapo watakaosema kwamba gazeti halina haja ya kuingilia mambo ya mafundi mitambo. Sisi hatukubaliani nao. Mwimbaji anapofariki, sauti yake iliyomo katika kompyuta ya mtayarishaji ndiyo urithi wa watoto wake, na pengine ndiyo ukumbusho pekee wa kikundi kizima. Ikiwa urithi huo unategemea kubonyezwa kwa kitufe cha kukubali toleo jipya, basi jambo hilo limekwisha kuwa la watu wote.

Itakumbukwa kwamba Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Zile zilizosalimika, ingawa zimekwaruzwa na kupita mikono mingi, bado zinaimba. Hazidai chochote ila sindano na kitu cha kuzizungusha. Katika miaka ya 1970 Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi za dansi na vikundi vya taarab kwenye tepu za magurudumu. Tepu ya mwaka 1975, ikiwa haikuliwa na ukungu, husikika kwenye mashine yoyote nzima ya aina yake, awe aliyeiunda mashine hiyo angali na kiwanda au alikwisha kukifunga. Sasa mwambie mtayarishaji wa leo akufungulie wimbo alioufanya mwaka 2011, akutolee sauti ya mwimbaji peke yake pasipo ala. Mara nyingi atakuna kichwa.

Sababu yake si uzembe peke yake. Yafaa msomaji aelewe kwamba kile mafundi wakiitacho projekti si wimbo. Ni daftari la maagizo: sauti hii ianze sekunde ya kumi, gitaa lipunguzwe, mwangwi uongezwe hapa, kinanda kipigwe na ala fulani iliyomo ndani ya kompyuta. Sauti zenyewe zimo katika mafaili mengine, na hizo ala za kompyuta pamoja na viungo vya kunogesha sauti, ambavyo huitwa plagini, mara nyingi hutoka kwa makampuni mengine kabisa. Daftari hilo likifunguliwa katika toleo jipya, au katika kompyuta nyingine, huanza kuita majina ya watu ambao hawamo chumbani. Ni sawa na mpishi aliyeachiwa karatasi ya kupikia pilau pasipo mchele wala bizari.

Mifano ipo, na si ya kubuni. Mwaka 2002 kampuni ya Apple iliinunua Emagic ya Ujerumani, wenye programu ya Logic, na mwaka huo huo Logic ikakomeshwa kwa watumiaji wa Windows. Mwaka 2013 Pro Tools 11 na Logic Pro X zilitoka zikikubali plagini za biti 64 tu. Cubase 9 ikafuata mwishoni mwa mwaka 2016, na mwaka 2019 mfumo wa Apple uitwao Catalina ukazikataa programu zote za biti 32. (Biti hizi si zile za Bongo Fleva, ni kipimo cha jinsi kompyuta inavyohesabu, na programu ya biti 32 haiwezi kutumia kumbukumbu zaidi ya gigabaiti 4.) Mwaka 2022 nao Steinberg, waliouzaa mfumo wa plagini wa VST, walitangaza kwamba toleo la pili la mfumo huo lingeondolewa katika programu zao ndani ya miezi 24. Mabadiliko haya hayakufanywa kwa ukorofi. Kazi kubwa za leo haziingii katika gigabaiti 4, na mwenye kiwanda hawezi kubeba mizigo ya kale milele. Lakini kila mara kuna plagini ambayo aliyeitengeneza amekufa, amechoka au amefilisika, naye hataifanya upya. Na wimbo uliosimama juu ya plagini hiyo huanguka nayo.

Hata programu ya bure haikusalimika. Audacity, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2000 na ambayo ni tegemeo la vituo vingi vidogo vya redio, ilibadili namna ya kuhifadhi kazi ilipotoa toleo la 3.0 mwezi Machi 2021. Zamani projekti ilikuwa faili dogo lenye kabrasha la vipande vya sauti pembeni yake, na watu wengi walipeleka lile faili dogo wakaliacha kabrasha, kazi ikapotea. Toleo jipya lilikusanya vyote mahali pamoja, jambo ambalo ni jema sana. Tena lina uwezo wa kufungua kazi za zamani. Ila toleo la zamani haliwezi kufungua kazi za toleo jipya. Kwa hiyo kituo chenye kompyuta mbili, moja imebadilishwa na moja haijabadilishwa, hujikuta kina watangazaji wawili wasioweza kupokezana kazi, na kila mmoja humlaumu mwenziwe.

Mbele ya hali hii mafundi wetu wamegawanyika makundi mawili, na yote mawili yamekosea. La kwanza ni la wale wasiotaka kusikia neno jipya. Wameing'ang'ania programu ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, katika kompyuta ambayo feni yake inapiga kelele kuliko ngoma, na wanasema kwamba sauti ya zamani ilikuwa na uzito. Siku diski itakapokufa watazika yote waliyoyafanya. La pili ni la wale wanaobadilisha toleo siku ile ile linapotoka, tena katikati ya kazi ya mtu, huku mwimbaji amekaa kwenye benchi na nauli yake ya kurudi inahesabika. Asubuhi ya pili vitufe vimehama mahali, plagini tatu hazionekani, na wimbo uliokuwa umebaki sauti ya mwisho unaanza upya. Mteja hulipa muda huo. Hilo ndilo linalotukera zaidi.

Tusije tukadhaniwa kwamba tunayapinga maendeleo. Matoleo ya miaka ya karibuni yameleta mambo ambayo mafundi wa tepu wasingeyaamini. FL Studio 21.2 ya mwaka 2023 na Logic Pro 11 ya mwaka 2024 zinaweza kuuchukua wimbo uliokwisha kuchanganywa na kuzitenga sauti ya mwimbaji, ngoma, besi na ala nyingine. Kwa mtu aliyebakiwa na wimbo kamili tu, baada ya projekti yake kupotea, hiyo ni rehema. Hata hivyo kinachotengwa hivyo si sawa na sauti iliyorekodiwa peke yake. Hubaki na masalia ya jirani zake, kama nguo nyeupe iliyofuliwa pamoja na kanga mpya.

Pia kuna jambo ambalo wenye programu hizi hawakulifikiria kwa ajili yetu, nalo tungependa mafundi walikumbuke wanapolikaribisha kila toleo. Programu hizi zimezaliwa katika muziki wa sauti kumi na mbili zilizogawanywa sawasawa, na hufungua kila kazi zikidhani kwamba ndivyo ilivyo. Mpiga kanuni au fidla wa taarab anapogusa robo ya sauti katika maqam, chombo cha kurekebisha sauti humsukuma hadi kwenye noti ya piano iliyo karibu, kikimhesabu kuwa amekosea. Kadhalika kile chombo cha kunyoosha mapigo: mpiga ngoma wa chakacha hapigi kwenye mstari, hupiga kando yake kidogo, na ladha yote imo katika hicho kidogo. Kila toleo jipya huja na vyombo hivi vikiwa vyepesi zaidi kutumika, vingine vikijitokeza vyenyewe. Fundi asiyejua alichokisikia atakubali alichoonyeshwa. Mipangilio ya kuweka maqam ipo katika programu kadhaa, Logic ikiwa mojawapo, lakini imefichwa ndani, na ni lazima itafutwe upya kila menyu zinapohamishwa.

Twaja kwenye fedha. Wengi wa vijana wetu hutumia nakala za wizi, na kila mtu anajua. Hatuwahalalishii. Lakini kuwakemea tu hakutoshi wakati bei zimeandikwa kwa dola, hulipwa kwa kadi ya benki ambayo hawana, na makampuni mengi yameacha kuuza programu moja kwa moja na badala yake hukodisha kwa mwezi. Mwaka 2023 kampuni ya Waves ilitangaza kwamba plagini zake zitakodishwa tu. Wateja wakapiga kelele dunia nzima, na baada ya siku chache ikarudisha uuzaji. Kumbe mnunuzi akisema husikilizwa. Asiyenunua hana wa kumlalamikia: nakala ya wizi haina toleo jipya la halali, na aliyeivunja kufuli huenda ameacha kirusi ndani yake.

Njia zisizo ghali zipo. FL Studio ya Ubelgiji, iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, humpa aliyeinunua mara moja matoleo yote yanayofuata bila malipo. Anayeijaribu bila kuinunua afahamu tu kwamba anaweza kuhifadhi kazi lakini hataweza kuifungua tena mpaka alipe. Reaper huuzwa kwa dola 60 kwa mtu binafsi na biashara ndogo, na aliyelipia toleo la 7 huendelea kuitumia mpaka mwisho wa toleo la 8. Audacity yenyewe ni ya bure. Wasanii watano wakichanga, studio ya mtaani yaweza kuwa ya halali kabla ya msimu wa harusi kwisha.

Lakini halali au la, dawa ya ugonjwa huu ni moja, na haihitaji fedha nyingi. Kazi inapokwisha, na kabla toleo jipya halijaingizwa, kila traki itolewe kuwa faili la sauti la WAV, zote zikianzia sekunde ile ile ya mwanzo na kufika mwisho wa wimbo: mara moja ikiwa kavu kama ilivyorekodiwa, mara ya pili ikiwa na viungo vyake. Majina yaandikwe kwa lugha inayoeleweka, si "Audio 17". Kando yake iwekwe karatasi yenye mwendo wa wimbo, ufunguo wake, na majina ya walioimba na waliopiga. Jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, inashauri kipimo kisichopungua kilohezi 48 na biti 24. Kwa kipimo hicho traki moja ya wimbo wa dakika nne huchukua megabaiti 35 hivi, na wimbo wa traki 30 hufika gigabaiti moja. Diski moja ya terabaiti moja itabeba nyimbo mia kadhaa, kavu na zilizoungwa. Ziwe diski mbili, zikae nyumba mbili.

Mafaili ya namna hiyo yatafunguka katika programu yoyote. Mwaka 2023 Bitwig na PreSonus walitoa mfumo wa wazi uitwao DAWproject wa kuhamisha hata maagizo kutoka programu moja kwenda nyingine, na Cubase 14 imeukubali. Tunaupokea vizuri, hata hivyo wenye kuukubali bado ni wachache, na plagini iliyokufa hautaifufua.

Kwa upande wa mafunzo, tungependa vyuo vyetu vya sanaa, TaSUBa ya Bagamoyo ikiwa mbele kwa umri na sifa, viwafundishe vijana sauti kwanza na vitufe baadaye. Anayejua mwangwi ni nini ataupata popote ulipohamishiwa. Aliyekariri kwamba mwangwi uko kwenye kitufe cha tatu kutoka kushoto atakuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza kila mwaka.

Tunawataka wasanii nao waamke. Makubaliano ya kurekodi yasiishie kwenye bei na idadi ya saa. Yaandikwe kwamba msanii atakabidhiwa traki zake zote katika diski siku anapomaliza kulipa, na mtayarishaji atie sahihi. Mtayarishaji mwaminifu hatapoteza kitu, kwa kuwa haki zake katika kazi hiyo hazimo ndani ya diski. Na ofisi za utamaduni za wilaya zianze na vikundi ambavyo waimbaji wake ni wazee, kwa kuwafuata watayarishaji waliowarekodi wakati kompyuta zile za zamani zingali zinawaka.