Mali Bila Daftari

Ndugu msomaji wa Pwani, ukitajiwa Peramiho huenda ukasema: "Yananihusu nini mimi? Huko ni Songea, mbali na bahari, na watu wake wengi ni wa dini nyingine." Ngoja kidogo. Liko deni moja ambalo mtu wa Peramiho, wa Kilwa na wa Unguja wameandikiwa pamoja, na deni halimuulizi mtu anasali wapi.

Tarehe 7 Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha kuikopesha Tanzania dola milioni 567, ili ipambane na maradhi ya korona na hasara zake. Kwa fedha zetu ni kama shilingi trilioni 1.3, na humo Zanzibar ilipata fungu lake la shilingi bilioni 230 hivi. Tarehe 10 Oktoba Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Dodoma mpango wa kuzitumia. Fungu la elimu likateremshwa kwenye halmashauri za Bara, ikiwemo Halmashauri ya Wilaya ya Songea yenye makao yake huko Peramiho, yajengwe madarasa 15,000: ya sekondari 12,000 na ya vituo shikizi 3,000. Kila darasa lilipangiwa shilingi milioni 20, na muda waliopewa ulikuwa wa miezi michache tu, shule zisije zikafunguliwa Januari 2022 kazi haijaisha.

Hatusemi kwamba kazi haikufanyika. Madarasa yalijengwa, na watoto waliofaulu darasa la saba wakaingia kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja, pasi na wengine kubaki nyumbani wakingoja chaguo la pili kama ilivyokuwa desturi. Mwenye kulikana hili hasemi kweli. Na aulizaye kwa nini fedha za maradhi zijenge madarasa, alijibiwa kwamba watoto waliobanana chumba kimoja huambukizana. Jawabu hilo tumelipokea.

Ugomvi wetu ni mwingine. Ugomvi wetu ni jinsi fedha hizi zilivyogeuzwa kuwa zawadi. Kila chumba kilipofunguliwa, diwani alishukuru, mkurugenzi alishukuru, mkuu wa wilaya alishukuru, na wazazi wakahimizwa wapige makofi kwa "fedha alizotoa Mama". Waliosimama kushukuru walikuwa wengi. Je, waliosimama kusoma hesabu walikuwa wangapi?

Peramiho inaijua hisani. Watawa wa Kibenediktini walifika pale mwaka 1898, na hospitali yao ilisimama kwa michango ya wafadhili wao wa ng'ambo. Mgonjwa aliyetibiwa pale akasema ahsante, alisema mahali pake, maana aliyemchangia hakumkopesha. Darasa la mwaka 2021 si la namna hiyo. Kiasi cha thuluthi moja ya mkopo ule haina riba na hulipwa kwa muda wa miaka kumi. Thuluthi mbili zina riba, na muda wake ni miaka mitano. Atakayelipa ni mama yule yule wa Peramiho aliyepiga makofi: kila anunuapo sabuni au vocha ya simu, kodi imo ndani ya bei. Basi ni nani hapa aliyempa mwenziwe zawadi?

Tazameni pia namna kazi ilivyofanywa. Madarasa yale hayakupewa makandarasi wakubwa. Fedha zilishuka hadi shuleni, kamati za wananchi zikanunua saruji, nondo na mabati, na mafundi wa mahali wakapatana ujira wao. Utaratibu huu ni mzuri, kwani fedha hubaki kwa watu wa hapo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo unahitaji daftari kuliko utaratibu wowote mwingine. Mifuko ya saruji ikishushwa magharibi, nani atajua kama ilikuwa mia moja au themanini? Mjumbe wa kamati ni mkulima wa mahindi; mkubwa akimwambia "tia sahihi hapa", atatia. Hatumtuhumu mtu. Twasema mlango uko hapo, na mlango usio na bawabu hauulizi aingiaye ni nani. Mkaguzi Mkuu wa Serikali hukagua, ni kweli, lakini ripoti yake huja fedha zimekwisha kutumika, na aliyeziona zikitumika ni mwanakijiji.

Watu watasema kuuliza ni utovu wa adabu kwa viongozi. La hasha! Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile inayoamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo. Na husimuliwa kwamba Sayyidna Umar alisimama kuhutubia amevaa nguo iliyozidi fungu alilogawiwa kila mtu, mtu mmoja akainuka akasema hatasikiliza mpaka aelezwe nguo hiyo ilitoka wapi. Umar hakumwita mchochezi. Alimwita mwanawe Abdallah, naye akashuhudia kwamba alimpa baba yake fungu lake. Ikiwa Umar aliulizwa kipande cha nguo, mtendaji wa kata ni nani asiulizwe milioni 20?

Wala tusidhani maradhi haya ni ya maskini peke yao. Mwaka huo huo wa 2021 serikali kuu ya Marekani ilizigawia serikali za majimbo, wilaya na miji dola bilioni 350 kwa ajili ya janga lile lile. Jimbo la Alabama likatenga humo dola milioni 400 kujengea magereza. Wenyeji wengi walipinga, wakashindwa. Lakini walijua ni kiasi gani na kinakwenda wapi, na hakuna aliyewataka wapige makofi.

Sisi tuna njia yetu. Sheria ya Bara inataka mkutano wa kijiji uitishwe kila miezi mitatu. Hapo ndipo mzazi wa Peramiho, Mkristo au Mwislamu, aulize kwa heshima: tulipokea ngapi, saruji mifuko mingapi, kwa bei gani, fundi alilipwa nini, na stakabadhi ziko wapi? Mkutano usipoitishwa, adai uitishwe. Nasi wa Pwani tuulize vivyo hivyo kwa madarasa yetu, na kwa fedha za kila mwaka zijazo, kwani za korona hazikuwa za mwisho.

Wazee walituambia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sifa tumezitoa za kutosha. Sasa tuletewe daftari.