Kanuni si Kiwango: Nani Atakipima Kiswahili Mtandaoni?

Wahenga walinena: mwenye kovu usidhani kapoa. Methali hii yafaa kukumbukwa kila tunapoambiwa kwamba tovuti fulani imepimwa ikapita. Ninashikilia kwamba kupita kanuni za upimaji si sawa na kutimiza kiwango cha ufikivu, na kwamba pengo lililo baina ya mambo haya linatuhusu sana sisi wanafunzi wa Kiswahili.

Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti duniani, lilitoa mwongozo wa WCAG mwaka 1999. Toleo la 2.2 likatoka mwaka 2023. Mwongozo huu husema ni yapi yatimizwe ili mtu mwenye ulemavu aweze kuutumia ukurasa. Hapa Kenya, kiwango cha KS 2952 cha mwaka 2022 kilitokana na kile cha Ulaya, EN 301 549, ambacho kwa upande wa wavuti kimejengwa juu ya WCAG. Kanuni za upimaji, zijulikanazo kama kanuni za ACT, ni jambo jingine. Muundo wake uliidhinishwa na W3C mwaka 2019. Kila kanuni hutaja kinachopimwa, matokeo yanayotarajiwa na mifano ya kupita na ya kuanguka. Kiwango ndicho chenye amri. Kanuni ni mtumishi wake. Ukurasa ukianguka katika kanuni, umevunja kigezo husika. Ukipita, haijathibitika kwamba umekitimiza.

Mathalani, kigezo cha 3.1.1 chataka lugha ya ukurasa iweze kutambuliwa na programu. Kanuni ya kwanza huuliza: je, lugha imetajwa? Ya pili huuliza: je, msimbo wa lugha uliotajwa ni halali? Sasa tuchukulie kwamba mkazi wa Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, haoni, na anatafuta tangazo la basari kwa kutumia programu inayosoma skrini kwa sauti. Tangazo ni la Kiswahili, lakini mtengenezaji ameacha msimbo "en" wa Kiingereza badala ya "sw". Ukurasa umepita kanuni zote mbili! Hata hivyo, programu yaweza kuusoma kwa matamshi ya Kiingereza: "Wote" likawa silabi moja, na "pole" ya kumfariji mtu ikageuka nguzo. Kanuni zimeridhika, kigezo kimevunjwa, na basari imempita mwenye haki. Wala si kwamba zana hazipo. Sauti ya eSpeak NG, inayokuja pamoja na programu ya NVDA isiyolipiwa, inakijua Kiswahili, haikuambiwa tu.

Ipo kanuni nyingine inayouliza iwapo lugha iliyotajwa ndiyo lugha ya matini. Hapo mashine hukisia, lakini mwenye kuamua kwa yakini ni mtu aijuaye lugha. Hali kadhalika kigezo cha 3.1.2, kinachotaka kifungu cha lugha nyingine, tuseme Kikamba ndani ya matini ya Kiswahili, kitambulishwe.

Je, kanuni basi hazina maana? La hasha! Bila kanuni, wapimaji wawili wangekifasiri kigezo kimoja kwa njia mbili. Sisi wa fasihi twaijua hali hii. Tangu Sheikh Kaluta Amri Abedi atoe sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, vina na mizani tumevihesabu. Lakini mhakiki makini halisifu shairi kwa sababu tu hesabu imetimia. Hulisoma.

Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 yakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na yaidai Serikali iendeleze mawasiliano yanayowafikia watu wenye ulemavu. Ahadi hizi mbili hukutana katika msimbo wa herufi mbili. Shime basi! Idara zetu zilifanye suala hili kuwa zoezi la isimu tumizi, na vyama vyetu vianze kwa kupima kurasa zao vyenyewe. Mhandisi aweza kuandika kanuni; kuthibitisha kwamba kinachosikika ni Kiswahili ni kazi yetu.