Nanga za Barabara Kuu

Alfajiri katika Boito, ukungu ungali umeyafunika mashamba ya majani chai, na wachumaji wakiwa wanateremka kwa safu, vikapu mgongoni, msafiri atokeaye upande wa Mogogosiek hukutana na kona moja kali ambayo chini yake liko bonde, na chini ya bonde uko mto. Kwenye kona hiyo pana ukingo wa chuma uliowekwa kuzuia magari yasitumbukie. Ukingo huo uligongwa na lori zamani kidogo, hata watoto wa shule waupitao kila siku wameuzoea kama wauzoeavyo mti ulioanguka: bati limekunjika, nguzo mbili zimeng'oka, ya tatu imeegemea mtaro, na mtu mmoja mwenye huruma amefunga hapo kipande cha kitambaa chekundu, ili dereva wa usiku ajue kwamba kilichokuwa kinga sasa kimegeuka kuwa hatari.

Nimeanza na ukingo huo mbovu kwa kusudi. Tangu uzinduliwe, mwishoni mwa mwaka 2025, upanuzi wa barabara ya kutoka Rironi hadi Mau Summit, mazungumzo yetu ya barabara yamejaa habari za upana wa njia, madaraja na ada, ilhali swali la kitu gani kitasimama baina ya magari yaendayo na magari yarudiyo huulizwa kwa uchache, na swali la nani atakitunza kitu hicho baada ya utepe kukatwa haliulizwi kabisa. Miongoni mwa vitu ambavyo nchi nyingine zimevichagua kwa kazi hiyo ni ukingo wa kamba za waya. Rai yangu ni kwamba ukingo huo ni kitu chema mahali pake, tena chenye ushahidi; walakini haustahili kununuliwa na serikali yoyote ambayo haijaandika, katika mkataba ule ule wa kuusimika, jina la mtunzaji wake na fedha zake za kila mwaka.

Asiyepata kuuona na aifikirie kamba ya chuma iliyosokotwa, unene wake milimita 19, imepakwa zinki isishike kutu. Kamba tatu au nne za namna hiyo hutandazwa moja juu ya nyingine, zikashikiliwa na nguzo nyembamba ambazo zimefanywa dhaifu kwa makusudi, ili zigongwapo zilale. Nguvu yote imo katika kamba na katika nanga mbili za zege zilizozikwa ardhini, moja kila mwisho. Gari likipotea njia na kuuangukia ukingo huo, nguzo huinama, kamba hulikumbatia gari, mwendo hupungua kidogo kidogo katika masafa marefu, na abiria, ambaye ukuta wa zege ungalimvunja mbavu, hutoka akitetemeka lakini akiwa mzima. Wasweden walipozitandaza kamba hizo mwaka 1998 katikati ya barabara yao ya E4, karibu na mji wa Gävle, katika kipande ambacho hapo kwanza kilijulikana kwa magari kugongana uso kwa uso, waliona matokeo yaliyowafanya wazieneze nchi nzima. Vifo katika barabara za namna hiyo vilipungua kwa kiasi cha robo tatu.

Lakini upole huo una gharama yake, nayo ni nafasi. Kamba inayokumbatia sharti ipewe mahali pa kunyumbuka, mita mbili, tatu, au hata zaidi, kabla ya gari kukamatwa. Na mita tatu katika kona yetu ya Boito ni safari ya kwenda mtoni. Fauka ya hayo, kamba iliyovutwa hupenda kunyooka, na ukiizungusha kwenye kona ya ghafla huzivuta nguzo kuelekea ndani siku zote, mchana na usiku, hata zichoke kabla ya gari lolote kuzigusa. Kwa hiyo yeyote atakayekuja katika milima hii ya chai na zabuni ya kamba kwa kila kona na aambiwe kwa adabu arudi alikotoka. Kona zetu zataka bati la chuma na nguzo imara zilizo karibu karibu, alama zinazong'aa usiku, na mahali pa kukimbilia lori lililopoteza breki.

Tena kamba haina miujiza. Aina zilizo nyingi zimejaribiwa kwa magari madogo na pikapu, na zilizo imara zaidi kwa lori la tani 10. Trela la makasha ya meli, lishukalo mlima likiwa na uzito wa mara nne ya huo, halitaziheshimu. Nasema haya kwa sababu katika nchi yetu ya Kericho na Bomet mtu hawezi kutaja usalama wa barabara bila ya kukumbuka jioni ya tarehe 30 Juni 2023 katika makutano ya Londiani, ambapo trela liliwaangukia wachuuzi, abiria na matatu zilizosimama, likaua watu zaidi ya 50. Wala bila ya kukumbuka basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda magharibi, ambalo usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 2018 liliacha njia pale Fort Ternan na kubiringika hata paa likabanduka, watu zaidi ya 50 wakafa. Maafa hayo yalitokana na mteremko, breki, usiku, uchovu, na soko lililosogea hadi kwenye lami, na mwuza kamba atakayewataja marehemu hao ili kuipamba bidhaa yake atakuwa amewakosea heshima. Baada ya ajali ya Migaa ya tarehe 31 Desemba 2017, iliyochukua roho 36, mteremko wa Salgaa ulitenganishwa kwa kuta za zege, na kwa mteremko ulio na malori mengi kiasi kile hiyo ilikuwa hukumu ya haki.

Liko na jambo la bodaboda. Mwendesha pikipiki aangukaye na kuteleza juu ya lami hakumbatiwi na kamba. Hukutana na nguzo, na nguzo iliyo dhaifu kwa gari si dhaifu kwa kifua cha mtu. Norwei ilikwisha kuacha kusimika kamba mpya kwa sababu ya kilio cha waendesha pikipiki, ingawa wataalamu wangali wanabishana juu ya ukubwa wa hatari hiyo ukilinganishwa na ule wa bati. Huko pikipiki ni starehe ya majira ya joto. Kwetu ndiyo teksi, gari la wagonjwa, na punda wa kupelekea majani kituoni. Sidhani kwamba hoja hiyo yatosha kuikataa kamba katikati ya barabara pana ya njia mbili mbili, lakini yatosha kabisa kuikataa kandokando ya vituo vya biashara, ambako bodaboda huingia na kutoka kama nyuki mzingani.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, maana hapa ndipo fedha ya umma huzikwa pamoja na zege. Udongo wetu mwekundu, ambao chai huupenda, ni mzito na wenye kina, na katika nchi ambayo mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka hubaki umelowa. Nanga iliyopimwa kwa ardhi kavu ya mahali pengine itatambaa humo polepole, sentimita baada ya sentimita, na kila sentimita itambaayo ni ulegevu katika kamba. Kwa hiyo udongo na upimwe mahali hapo hapo nanga itakapokaa, wala usinakiliwe kutoka katika michoro ya kigeni. Mahali pa kusimika ukingo napo pana siri yake. Gari lishukalo kwenye mtaro ulio katikati ya barabara hubonyea kwenye springi zake mara lifikapo chini, na ukingo uliosimikwa karibu na kina cha mtaro huliona gari likipenya chini ya kamba kama mbuzi apitaye chini ya ua. Kimo cha kamba, umbali wake na mtaro, na ulaini wa mteremko ni mambo ya sentimita, nayo hayawezi kuachiwa jicho la kibarua mwenye haraka ya kumaliza kabla ya magharibi.

Na kibarua huyo naye ana mama yake. Afanyaye kazi kando ya lami ambapo gari hupita kwa kilomita 80 kwa saa ahitaji zaidi ya koti la kung'aa: alama ziwekwe mapema, kabla ya kona na si baada yake, koni zipangwe kwa mshazari mrefu, mshika bendera asimame pale dereva atakapomwona akiwa bado na nafasi ya kusimama, na kabla ya kuchimba shimo moja iulizwe ni mabomba gani ya maji na nyaya gani za mawasiliano zilizolala chini. Kamba inapokazwa hubeba mvuto wa karibu uzito wa tani mbili na nusu, na kamba kama hiyo ikichomoka huruka kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kutubu. Mabaharia wa pwani, ambao kwa karne nyingi wameishi na amari na henza, humkemea mtoto asimamaye sambamba na kamba iliyovutwa. Na msimamizi wa barabara apaswa kukemea vivyo hivyo.

Aliyepata kumsikiliza mzee wa Kikipsigis akipiga kinubi cha chepkong'o ajua kwamba kabla ya wimbo huja kazi ya kukaza nyuzi, na kwamba chombo kilichokuwa sawa asubuhi chaweza kuwa si sawa jioni. Kamba ya barabara haitofautiani sana. Chuma hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Katika urefu wa mita 300, tofauti ya nyuzi joto 15 baina ya alfajiri ya ukungu na alasiri ya jua yatosha kuibadili kamba iliyo huru kwa sentimita tano na zaidi, na kwa kuwa kamba ya ukingo imefungwa pande zote mbili haiwezi kurefuka, hulegea au huvutika. Ndiyo maana hukazwa kwa kufuata jedwali la joto la siku hiyo, kwa kipimo maalumu cha mvuto, na hupimwa tena baada ya siku chache, kwa sababu kamba mpya hujinyoosha yenyewe. Ubaya wa chombo hiki ni kwamba hufichika kikiwa kibovu. Bati lililogongwa hujitangaza kwa makunyanzi yake, lakini kamba iliyolegea yaweza kusimama katikati ya barabara miaka mitatu, nzuri machoni, huku ikingoja siku ya kumwachilia mtu.

Hata uokoaji una elimu yake. Gari likinaswa katika kamba, wa kwanza kufika kwetu si wazima moto bali ni majirani wenye panga na mashoka, na wema wao waweza kuwaua, kwa maana kamba iliyovutwa haikatwi. Hulegezwa kwanza kwa skurubu ya kukazia, au hutolewa katika nguzo zake. Elimu hiyo haina gharama kubwa, nayo yaweza kutolewa katika baraza la chifu kwa nusu saa.

Nimeliacha jambo la wizi hadi sasa kwa sababu linaniudhi. Kingo za barabara zetu zimekatwa na kuuzwa kwa kilo, na ingawa tuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, na ingawa biashara hiyo ilipigwa marufuku kwa miezi kadhaa mwaka 2022 baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, mizani ya mnunuzi haijapata kuuliza chuma kimetoka wapi. Mwizi wa bati huacha pengo la mita chache. Mwizi wa kamba, kwa mkato mmoja, huilegeza kamba nzima kutoka nanga hadi nanga, mamia ya mita, asipopigwa na kamba hiyo yeye mwenyewe kwanza.

Fedha, kwa bahati, si udhuru. Kila lita ya petroli na dizeli inunuliwayo nchini imekuwa ikitozwa, tangu Julai 2024, Sh25 kwa ajili ya matengenezo ya barabara, kutoka Sh18 za awali, na hata bodaboda wa Boito hulipa sehemu yake kila asubuhi. Kinachokosekana ni namna ya kulipa. Mkandarasi hulipwa kwa mita alizosimika, naye hujiendea. Na alipwe nusu ya faida yake kidogo kidogo kwa muda wa miaka kumi, kila mara kipimo cha mvuto kionyeshapo kwamba kamba ni sawa, na akatwe kwa kila siku ipitayo nguzo iliyogongwa ikiwa ingali imelala. Akiba ya nguzo, skurubu na kamba iwekwe Kericho, isingojwe kutoka ng'ambo. Vijana wa vijiji vilivyo kando ya njia wafundishwe kupima na kukaza. Na vipimo vyote viandikwe katika daftari ambalo mwananchi yeyote aweza kuliomba na kulisoma katika ofisi ya chifu.

Kona yetu, ambayo haitaki kamba, haina sababu ya kuachwa nje ya daftari hilo. Ina nguzo 21. Nimezihesabu mwenyewe Jumapili iliyopita nikitoka kanisani, na kati ya hizo 18 zimesimama.