Tufuatane Nao Njiani

Ndugu waamini, kila yatangazwapo matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, nyumba nyingi nchini Tanzania huingiwa na simanzi. Kijana aliyepata daraja sifuri hujifungia chumbani, hali wala halali. Hata aliyefaulu huhofia ada na ajira. Nasi wazazi, walimu na mapadre twamwambia neno moja tu: asali zaidi.

Tukiri kosa letu. Hofu ya kijana si dhambi, wala si dalili ya imani haba. Mara nyingi twaizidisha sisi wenyewe, tunaopima utu wake kwa cheti. Kumdharau aliye sura ya Mungu ni kukosa haki.

Katika sura ya 24 ya Injili ya Luka, Bwana Mfufuka aliwakuta wanafunzi wawili waliovunjika moyo wakienda Emau. Hakuanza kwa kuhubiri. Aliandamana nao, akawauliza, akawasikiliza. Ndipo akawafafanulia Maandiko na kuumega mkate. Sinodi ya Maaskofu juu ya vijana, mwaka 2018, ilitukumbusha njia hiyohiyo.

Basi, viongozi wa Jumuiya Ndogondogo, twawasihi: mtembeleeni kijana huyo, msikilizeni bila kumhukumu, kisha mkabidhini huduma ya kweli, kama kumtunza mgonjwa au kuwafundisha watoto. Ajionaye hafai atatambua kuwa anahitajiwa. Hofu ikimzidi, apelekwe pia hospitali. Kutafuta tiba si kukosa imani.

Wanafunzi wale walirudi Yerusalemu saa ileile, wakiwa na habari ya kutangaza. Vijana wetu nao watainuka, wakipata wa kufuatana nao.